Sauti ya Binti Mwenye Mkia

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Nafasi hii ni yangu.

Studio wanatia sauti za Kiswahili kwenye filamu ya katuni. Binti wa miaka kumi na tano, mama yake mtu, baba yake zimwi la ziwani. Nusu kwa nusu. Shuleni anaficha mkia ndani ya sketi. Nimeisoma hadithi yote nimesimama kwenye korido, machozi yakanilenga. Huyo binti ni mimi! Kwamba nina miaka hamsini na moja, na ndevu, ni jambo dogo. Kazi yetu ni sauti, si sura.

Mwongozaji, mama mfupi asiyecheka ovyo, kaniambia kwa upole kwamba alikuwa ananifikiria kwa zimwi. Nikauliza zimwi lina maneno mangapi. Kasema halina hata moja, linanguruma tu.

Miaka ishirini na sita mbele ya maikrofoni, leo nikangurume!

Sehemu ya binti wanataka kumpa Kinanda. Ndilo jina tulilompa mwenzetu, kwa sauti yake ilivyo. Majaribio ni Alhamisi.

Jumanne, 4 Machi
Utafiti. Binti wa miaka kumi na tano ninaye nyumbani. Nimejibanza nyuma ya pazia la sebuleni na daftari hili, naandika anavyoongea na rafiki yake kwenye simu. Neno la mwisho analivuta kama mpira. "Basi tu" anaitumia kwa kila kitu, furaha na msiba. Mguu ukafa ganzi. Nikaushika ukuta, kumbe si ukuta. Pazia likashuka pamoja na fimbo yake, na mimi ndani.

Hakugomba. Bora angegomba. Kaokota fimbo, kisha kaniomba kikao cha wazazi shuleni aende mama peke yake. Tangu nilipokuwa mbuzi kwenye tangazo la dawa ya minyoo, darasa zima linamlilia meee akipita. Nimemwambia yule mbuzi alisifiwa sana. Kasema ndiyo, anajua, basi tu.

Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Kimya chake nakijua, kina kurasa nyingi.

Nikipata sehemu hii, mwanangu atatembea kifua mbele. Lazima niipate.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango ulikuwa safi. Nilifika studio wa kwanza, nikashusha kiyoyozi cha chumba cha kusubiri hadi mwisho, nikakificha kidhibiti chake mfukoni. Kinanda akae nusu saa, koo limkauke, basi.

Kinanda kaja na sweta, shali na chupa ya chai. Mimi nilivaa fulana, ili nionekane kijana. Tumekaa wawili dakika hamsini. Kanihurumia, kaniazima shali. Nikakataa kiume.

Zamu yangu ilipofika nikafungua kinywa kuwa binti wa miaka kumi na tano. Ikatoka sauti ya bawaba ya mlango. Fundi wa sauti kavua hedifoni akazikagua.

Kinanda kapewa binti. Mimi nimepewa zimwi. Nimewaambia nitafikiria. Nimefikiria mpaka mlangoni, nikarudi nikakubali.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika polepole.

Leo tumerekodi tukio la getini. Siri ya mkia imefichuka, wanafunzi wote wanacheka, na zimwi linatoka ziwani kumfuata mwanawe shuleni. Hapo linatakiwa lingurume, watoto watawanyike. Nikanguruma. Kikatoka kikohozi. Tena. Kikohozi.

Mara ya tano nikainua macho, nikamwona binti yangu nyuma ya kioo, amekaa kando ya fundi na sare yake ya shule. Mama yake alimtuma aniletee dawa ya koo. Sijui alikaa pale tangu lini. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba ardhi ipasuke, lakini kwa ajili yangu, si kwa ajili yake.

Kwenye skrini zimwi lilikuwa limesimama getini, linadondosha maji. Sikunguruma. Nikasema, kwa hicho kipande cha sauti kilichobaki:

"Nimekuja kukuchukua. Kama unaona haya, nitatembea nyuma."

Haikuwa kwenye karatasi. Kinanda, kwenye maikrofoni ya pili, kasahau zamu yake. Nikasubiri kufokewa. Mwongozaji kamwambia fundi aitunze hiyo hiyo, isiguswe.

Tukatoka. Barabarani nikabaki nyuma hatua kumi, kama kawaida yetu karibu na shule. Yeye kasimama. Kageuka.

"Baba, mbona unajikokota? Njoo."

Kanishika mkono mpaka dukani. Wenzake wawili walikuwa pale. Kawaambia huyu ni baba, anafanya kazi kwenye filamu. Mmoja kalia meee. Nikamjibu meee, kwa sauti ya mgonjwa. Wamecheka wote, na wangu pia.

Jumatatu, 10 Machi
Sauti imerudi. Mwongozaji kanisifu mbele ya watu. Kasema nimejua sasa nguvu yangu iko wapi: baba, babu, mazimwi. Nikaitikia kwa heshima zote.

Halafu nikaona kwenye meza yake karatasi za filamu inayofuata. Wahusika wakuu ni mapacha wachanga. Wa kike na wa kiume! Nimemwambia asitafute mtu, wote wawili ninawaweza. Kaweka kalamu chini. Hakusema hapana.

Mchana nimekwenda kukaa nje ya wodi ya wazazi, nisikilize wachanga wanavyolia. Muuguzi kaniuliza nasubiri nini. Nikasema mapacha. Kanipongeza, kaniletea kiti.

Wa kike analia kwa pumzi ndefu, atanitesa kidogo. Wa kiume namuweza.