Machozi Yangu Yalikuwa ya Friji

Wasee, leo nimejianika. Nilijitia dawa ya macho ya Gogo ndio Mama aone nalia. Chekeni kwanza, mmalize, halafu niendelee.

Mnajua nyumbani tuko wawili tu, mimi na nyanya yangu, Gogo. Mama yuko Uarabuni, anafanyia watu kazi ya nyumba. Mkataba wake unaisha Desemba, lakini juzi aliniambia tajiri wake anataka aongeze miaka mingine miwili. "Nitamjibu wiki hii," akasema. Nikamwambia sawa. (Sawa gani? Likizo hii nimeongea na ng'ombe mpaka ameanza kunikwepa.)

Na si mimi tu. Gogo ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu anawaona kama moshi. Daktari wa macho alimwambia dawa ya kweli ni upasuaji, na Gogo amekataa mpaka Mama arudi. "Siwezi kufunguliwa bandeji halafu kitu cha kwanza nione ni uso wa huyu!" akasema, akininyooshea kidole. (Kidole kilielekea mlangoni, lakini tulielewana.)

Akiwa anangoja, Mama akamtumia matone fulani, ati yana vitu vya kulinda jicho lisizeeke haraka. Daktari akayaangalia, akasema mtoto wa jicho hayatamtoa, lakini kama Gogo anataka kuyatumia, basi iwe kwa usafi: tone moja kila jicho, mdomo wa chupa usiguse kope, na ikishafunguliwa ikae kwa friji. (Eldoret hii, Agosti, hata mezani ni friji. Lakini daktari amesema.) Mimi ndiye mlinzi wa hiyo chupa. Inakaa ndani ya kikombe, kando ya maziwa. Gogo hawezi kusoma maandishi yake, kwa hivyo huishika kwanza. Ikiwa baridi, ni yenyewe.

Sasa leo Jumapili, saa ya Mama kupiga video ilipokaribia, nikajaribu kulia. Kumbe kulia ni kazi! Nikafikiria mbwa wetu aliyekufa. Wapi. Nikafikiria matokeo yangu ya hesabu. Nikacheka. Ndipo nikakumbuka friji.

Simu ikaita. Nikaweka tone moja. Halikutosha. Nikakamua. Baridi ikanipenya mpaka kisogoni! Mafuriko! Chupa nikaisukuma mfukoni, nikapokea.

"Kiptoo? Ni nini? Gogo yuko sawa?"

"Yuko sawa, Mama. Ni upweke tu."

Picha ikaganda, uso wake umekunjamana. Halafu ikakatika. (Mvua ikinyesha, neti ya kwetu mnaijua.)

Nikajipongeza. Hata nikajipikia chai.

Kumbe Mama amempigia Mama Chebet, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Na hao hawatumi meseji. Wanakuja. Nikasikia wimbo ukipanda kutoka geti. Magamboti, leso, thamosi, beseni la mandazi. Sebule ikajaa.

"Ni huyu anayelia?"

"Ndiye. Si uone macho yalivyo mekundu!"

"Piga magoti, kijana wangu. Usiogope."

Nikapiga. Ningefanya nini? Mama Chebet alikuwa ameinua simu juu, Mama yuko ndani yake, anatazama. Mikono ikanishika kichwa kila upande, maombi yakaanza. Na niwaambie ukweli, kwa dakika kidogo ilikuwa vizuri. Ni siku nyingi sijashikwa kichwa na mtu.

Halafu, tok! Kitu kikaanguka, kikabingirika kwa saruji mpaka miguuni mwa Gogo. Akainama, akapapasa, akakiokota. Maombi yakapungua sauti.

"Hii ni chupa yangu."

"Gogo, hiyo ni ingine..."

"Nyamaza! Ni yangu, na iko joto kama yai limetoka kwa kuku." Akaitikisa karibu na sikio. "Na haina kitu! Kiptoo, umekunywa dawa yangu?"

"Sijakunywa, Gogo."

"Basi imeenda wapi?"

Nikanyoosha kidole usoni kwangu.

"Anaonyesha macho," Mama Chebet akamwambia Gogo.

Mmoja akaguna ndani ya leso. Kisha mwingine. Kisha wote! Kuna aliyepaliwa na mandazi ikabidi apigwe mgongo. Mama Chebet alicheka mpaka simu ikatingika, Mama anapanda na kushuka kama yuko kwa barabara ya mashimo. (Mimi bado niko kwa magoti. Hakuna aliyesema niinuke.)

Gogo peke yake hakucheka. Akapapasa hewani mpaka akapata kichwa changu, akaacha mkono hapo.

"Anamtaka mama yake," akasema. "Hata mimi namtaka."

Kicheko kikaisha. Sote tukageukia simu. Mama alikuwa anajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, na yeye hakuwa na chupa yoyote. Akasema hivi, neno kwa neno:

"Hiyo chupa itupwe, ameshaiharibu. Gogo ajitayarishe kwa daktari, mkataba siongezi. Na wewe Kiptoo, Desemba nakuja. Nikifika, utalia bila dawa."