Godoro Lililokaa Eda

Kajetani Nyoni aliiona riziki yake siku mwenye guta alipogoma kuinuka.

Mzungu mmoja wa mradi wa maji alikuwa akirudi kwao, akauza vyombo vyake getini. Friji ilinunuliwa, jiko likanunuliwa, hata kandambili zikapata mtu. Kikabaki kitu kimoja ambacho hakuna aliyejua ni nini: godoro nene la pamba tupu juu ya fremu ya mbao inayokunjwa. Mchana kochi, usiku kitanda. Wajapani wanaliita futoni. Kajetani alilichukua kwa bei ya kuku wawili na kukodi guta, baiskeli ya magurudumu matatu ya mizigo, hadi kwake Bombambili, Songea. Njiani mwenye guta akalishusha ili apumzike, akalikalia, akajinyoosha.

"Kaka, twende," Kajetani akasema.

"Subiri."

"Nisubiri nini? Nimeshakulipa."

"Chukua hela yako. Niache hapa."

Mtu mwenye akili timamu angelipeleka nyumbani, akalala, akamshukuru Mungu. Kajetani hakuwa na kipaji hicho. Katika miaka arobaini na tatu hakuwahi kuona kitu kizuri bila kujiuliza kinaweza kumuumiza nani.

Akapanga chumba kando ya barabara, akaiweka futoni yake katikati kama altare, na ukutani akaandika: FUTONI HALISI ZA KIJAPANI. LALA KWANZA, LIPA BAADAYE. Hiyo baadaye ilikuwa dakika kumi. Mteja alivua viatu, akalala, akafumba macho, na alipoyafumbua alikuta mkono wake tayari uko mfukoni.

Godoro la kumpelekea mteja nyumbani lilikuwa jingine. Fundi Muhsini wa cherehani alishona mifuko ya kitambaa cha kijivu kama cha lile halisi, akalipwa kwa kila mfuko, hakuuliza cha ndani. Kajetani aliijaza mwenyewe, mlango umefungwa: maganda makavu ya mahindi, maranda kutoka kwa maseremala, na juu kabisa utando wa pamba wa kudanganyia kiganja. Likafungwa nailoni na kamba, likatoka na onyo: lisilaliwe kabla ya siku saba, maana pamba ya Japani lazima kwanza izoee hewa ya Songea.

Wateja walirudi, ndiyo. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Hironimus, mstaafu, mtu wa kola iliyopigwa pasi.

"Kajetani, lile godoro linasema."

"Shikamoo kwanza, mwalimu. Linasemaje?"

"Marahaba. Nikigeuka, kwacha kwacha. Mke wangu kaweka sumu ya panya."

"Pamba hiyo, inajipanga. Mwalimu, nikuulize bila kukuvunjia heshima, umelalia nini maisha yako yote?"

"Kitanda cha kamba. Baadaye sponji."

"Basi hapo ndipo penye tatizo. Mgongo wako umezoea shida. Ukiupa raha ghafla, unaikataa. Upe miezi mitatu. Nilimpelekea bosi mmoja, jina silitaji, hajalalamika hata siku moja. Lakini yule amezaliwa kwenye raha."

Nani anataka mtaa ujue kwamba mgongo wake ni mshamba? Mwalimu akarudi kulala juu ya maganda, na asubuhi kwenye kahawa akawa anawatangazia wenzake kwamba sasa anaanza kuielewa futoni. Wenzake nao wakaenda kununua. Watu wa mjini ndivyo walivyo. Mpe mtu jiwe alilalie, mwambie limetoka ng'ambo, atakuuliza kama yapo na ya wageni.

Siku moja akaingia Bi Saada, mama wa Kitunduru aliyehamia mjini kwa biashara ya korosho na kujenga nyumba ya wageni yenye vyumba vinane. Hakuwa malaika. Magodoro yake ya zamani yalikuwa na mabonde ya kuotesha mpunga, na alitaka futoni si kwa huruma ya wageni bali apandishe bei mara mbili. Alilala kwenye lile la maonyesho kuanzia adhana ya adhuhuri mpaka ya alasiri. Aliamka akiwa na alama ya mto shavuni.

"Nataka hili," akasema.

"Hili ni la kuonyeshea, mama. Yako manane yanakuja mapya."

"Yatakuwa sawa na hili?"

"Ukiyachanganya, hata mimi mwenyewe siwezi kuyatofautisha."

"Hayo utayarudia mbele ya balozi."

Kajetani aliyarudia mbele ya Balozi Polikarp wa nyumba kumi, mzee mpole anayeamini kila kitu kikisemwa taratibu. Akalipwa, na siku chache baadaye futoni nane zikapelekwa, na onyo lake la siku saba.

Sasa, mnunuzi wa korosho hapokei gunia bila kutia mkono ndani. Kajetani, Mngoni wa mahindi, hilo hakulijua. Jioni ileile Bi Saada alifumua mshono wa moja, akapitisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa ganda la hindi. Kisha akalirudisha, akashona, akaenda kupika. Hakupiga kelele. Angeshtaki ili arudishiwe nini? Hela zake zilikwisha kugeuka bia, simu mpya na viatu vyenye ncha vya Kajetani.

Wiki haikuisha, simu ikatoka kwao Nakapanya: mjomba wake, Mzee Majaliwa, amefariki na kuzikwa. Mzee alikuwa amekufa kweli. Katika habari hii yote, yeye peke yake ndiye ambaye hakumdanganya mtu. Bi Saada akaweka matanga pale Bombambili, na kama ada ilivyo, balozi akapita nyumba hadi nyumba kukusanya mikeka, sufuria na magodoro. Kwa Kajetani hakuuliza. Alikuja na vijana wanne na kuonyesha kwa kidole.

"Balozi, hili ni la biashara," Kajetani akasema.

"Kuna msiba."

"Najua, lakini..."

"Kajetani, wewe hutakufa?"

Hakuna mtu anayeweza kujibu swali hilo na kubaki na godoro. Anayenyima godoro msibani, siku ya msiba wake watu hukumbuka wana mafua. Futoni ikatoka mlangoni kama bibi harusi, imebebwa juu juu.

Ikaingia ndani, upande wa wanawake. Kajetani akabaki nje na wanaume, chini ya turubai, siku tatu, akipasua kuni na kubeba maji kwa bidii ya mtu anayelinda mali yake. Muda wote huo hakuiona. Matanga yalipoanuliwa, kila mtu alichukua mkeka wake. Yeye aliitiwa mlangoni.

Ndani, juu ya futoni, ameketi mwanamke aliyejifunika nguo nyeupe kuanzia utosini. Bi Saada alinong'ona:

"Mjane wa marehemu huyo. Yuko eda."

"Poleni sana. Sasa, mama, lile godoro..."

"Baba, wewe Mkristo, nitakusamehe. Mjane akishaanza eda, alipokaa hasogezwi. Miezi minne na siku kumi."

"Miezi minne!"

"Na siku kumi. Ukilivuta, laana ni yako, siyo yangu."

Mwanamke wa nguo nyeupe akatoa kilio kidogo chembamba. Kajetani akafanya ishara ya msalaba kwa haraka, akaomba radhi, akatoka kinyumenyume. Huyu ndiye mtu aliyeudanganya mji mzima! Lakini mwongo ana udhaifu mmoja: dini ya jirani yake haijui, na anaiogopa kuliko ya kwake.

Chumba cha maonyesho kikabaki na fremu. Watu walikuja, wakavua viatu, wakakuta mbao. Kajetani akawaonyesha picha kwenye simu. Picha hailaliwi. Wiki ya tano aliuza viatu vyenye ncha, akaenda kwa Fundi Muhsini kumwambia asishone tena mpaka mjane atoke eda.

"Mjane gani?" Muhsini akauliza, pini mdomoni.

"Wa Mzee Majaliwa. Kakalia futoni yangu kwa Bi Saada."

Muhsini akatema pini zote.

"Kaka, mimi kwetu Nakapanya. Mke wa Mzee Majaliwa tumemzika miaka sita iliyopita. Halafu nani kakwambia eda inakaliwa Songea? Mjane hukaa eda kwenye nyumba ya mumewe! Na eda siyo kuku, haiatamii godoro." Akacheka mpaka cherehani ikatikisika. "Uliyemwona ni Sharifa, mpwa wa Bi Saada anayekaa naye pale. Mumewe yupo stendi pale anauza tiketi."

Kajetani aliondoka mbio hadi kwa balozi. Kelele zake ziliwatoa watu majumbani, na waliposikia neno futoni, wateja wake wote wakafuata, Mwalimu Hironimus mbele. Wakajaa uani kwa Bi Saada. Mama hakubisha hata kidogo.

"Ni kweli, balozi. Shetani alinipitia. Godoro lake liko chumba namba moja, na wageni wamelipia mpaka mwisho wa mwezi. Ila simdhulumu mtu." Akapiga makofi, Sharifa akaburuta futoni moja kati ya zile nane, nailoni haijaguswa. "Lake lilikuwa la zamani. Nampa jipya."

Balozi akafurahi. "Kajetani, umeshinda. Mbona umenuna?"

"Nataka lilelile langu."

"Kwa nini? Kuna tofauti?"

Nyuso ishirini za watu waliokuwa hawajalala vizuri tangu walipomjua zilimgeukia Kajetani. Akifungua mdomo akasema ipo, kesho atakuwa mahabusu, kama mtaa utamfikisha huko mzima.

"Hakuna," akasema.

"Alhamdulillahi," akajibu Bi Saada. "Basi lala kidogo mbele ya mashahidi, kesho usije ukasema nimekupa bovu."

Sharifa akakata kamba. Kajetani akavua kandambili, akajilaza polepole kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Kwacha. Akatuliza mguu. Kwacha kwacha. Mwalimu Hironimus alisogea hatua moja, ameinamisha sikio kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

"Vipi?" balozi akauliza.

"Raha," Kajetani akasema, macho juu mawinguni.

Hapo ndipo mbuzi wa jirani alipopenya kati ya miguu ya watu. Alinusa kona ya futoni, akauma mshono, akavuta. Likatoka ganda la hindi, refu, limejikunja. Akalitafuna bila haraka, akarudi kuvuta la pili.

Hakuna aliyemfukuza.