Fimbo ya Mtoni na Sita Zangu

Leo nimeadhirika, jamani, tena mbele ya sheha, kiongozi wetu wa kijiji.

Kando ya shamba langu la mpunga, huku Mwera, kuna kijito. Dada Salha, mtafiti wa maji kutoka mjini, alichomeka humo fimbo ya plastiki yenye vipimajoto vitano, kimoja chini ya kingine. Alinieleza vizuri: mchana jua hupasha maji. Joto likizama upesi mchangani, maji yanashuka ardhini, likikawia, yanapanda. Kwa njia hiyo atajua pa kuchimba kisima chetu. Mimi nikapewa kazi ya kuilinda. (Nimefika kidato cha nne, nikajiona nimeelewa yote.)

Wiki iliyopita mvua ikapiga. Nikaogopa mto usije ukaibeba. Nikaing'oa, nikaiweka jikoni kwenye uchaga, juu ya mafiga, ikauke. Siku tatu. Maji yalipopungua nikairudisha, kimya.

Leo asubuhi Dada Salha kaja na kompyuta yake. Tukakusanyika ukingoni: sheha, jirani yangu Bi Zuwena na wenzetu wa bondeni.

"Ajabu," akasema Dada Salha. "Siku tatu mfululizo, saa sita mchana, chini ya mto kulikuwa na joto kali."

"Chemchemi ya maji moto," akasema sheha, kama mtu aliyeisubiri maisha yake yote. "Wageni wataacha bahari ya Paje, waje kukoga kwetu."

"Lakini kisima hapa hakifai tena. Itabidi tukihamishie kule juu," akasema Dada Salha.

Kule juu ni mwendo wa nusu saa, na Bi Zuwena magoti yanamsumbua. Nikamtazama. Ningenyamaza, nani angejua?

"Si chemchemi," nikasema. "Ni jiko langu."

Nikaeleza yote. Dada Salha akashusha pumzi, akacheka. Siku hizo tatu atazifuta, zilizobaki zinamtosha, kisima ni hapa hapa. Moyo wangu ukatua. Nikadhani yamekwisha.

Bi Zuwena hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Babu Haji, siku tatu zipi hizo?"

"Jumatatu mpaka Jumatano."

"Si ndizo ulizonambia umefunga sita?"

(Sita za Shawali, zile siku sita za funga ya sunna baada ya Idi. Kila magharibi kaniletea futari: uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, na samaki juu yake. Sikubakisha kitu.)

"Naam," nikasema.

"Na saa sita mchana ukipika nini?"

"Ndizi."

Sheha akageuka kutazama mto. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Nimemwomba radhi Bi Zuwena, kosa ni langu peke yangu. Kanisamehe. "Lakini sita zako bado unazo zote," akasema, "na futari utajipikia mwenyewe."

Basi kisima tutakipata, na mimi nshatia nia ya kufunga kesho. Atakayenicheka, na aje anipikie daku.