Miche Michungu Haina Nafasi Hapa

Jumatatu, 3 Machi
Msiba! Matango yangu yamejaa ukungu mweupe kama unga wa ngano, jani kwa jani. Mimi, fundi wa matango mtaa mzima! Mama mkwe, mwenye kiwanja, kaja kutazama. Kasema matango yasipopona, kiwanja anampa shemeji, kaka wa mke wangu, afugie kuku. Shemeji naye kaniuliza kama nimeanza kuoka mikate. Mshenzi.

Jumatano, 5 Machi
Ajabu! Kwenye uzio limeota tango pori, dogo kama kidole gumba, chungu kama kwinini. Halina hata doa! Nimeliinamia mpaka kiuno kikalia. Nani kalifundisha? Mbio kwa bibi shamba. Kasema wakulima wa kale walichagua mbegu za tunda kubwa na tamu, kizazi baada ya kizazi. Kinga ya ugonjwa haionekani wala haionjeki, basi hakuna aliyeichagua, ikapotelea njiani. Porini mmea hujipigania, kwetu unabembelezwa. Nikamwambia hilo nalijua tangu shule. (Shule niliiacha kabla hawajafika hapo.)

Ijumaa, 7 Machi
Bibi shamba kanipa trei ya miche iliyochanganywa kituoni kwao: baba tango pori, mama tango letu. Kila mche umerithi vyake. Kaniapisha nisichague hata mmoja. Ugonjwa wenyewe ndio utachagua, na utakaosimama ndio wa mbegu. Nimeikagua kwa miwani ya mama mkwe. Kinga inakaa wapi humo? Kwenye shina? Shemeji kashaleta mbao za banda. Mbele ya macho yangu!

Jumapili, 9 Machi
Nikae nisubiri ugonjwa, mwanamume mzima? Nimepata akili ambayo hata vyuo vikuu havina. Nimetafuna kipande cha jani la kila mche. Michungu, nje! Karibu yote, kumbe. Mke wangu kauliza kama bibi shamba kaniruhusu. Nikamjibu mama yake ana meno mawili tu, anastahili utamu.

Jumanne, 18 Machi
Imebaki michache, mitamu, majani laini kama sikio la mtoto. Bibi shamba kaja, kaitazama, kakaa juu ya ndoo, kashika kichwa kwa mikono miwili. Furaha hiyo! Pembeni mwa majani pana weupe kidogo. Vumbi la barabarani. Shemeji anapigilia misumari ya banda lake, nami nimemshikia ngazi. Masikini, lazima afarijiwe anayeshindwa.