Mkojo Safi wa Sukendar

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu: wafanyakazi wote walete mkojo upimwe, na atakayekutwa na risasi nyingi mwilini atarudishwa nyumbani. Si risasi ya bunduki, jamani, ni ile ya ndani ya betri. Watu walisoma wakanywea. Sukendar alisoma akatabasamu.

Huku kwetu Jawa kurudishwa nyumbani kuna maana moja tu: kazi huna, na shemeji yako hakusalimii tena. Sukendar hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Tuseme ukweli, hakuwahi kufanya kazi popote, na sasa uvivu wake ukapata soko.

Alianza na Mama Wasripah, mpasua betri, ambaye bintiye alibakiza muhula mmoja tu chuo cha ualimu.

"Mama, miaka kumi na miwili unapasua betri kwa panga. Unadhani mkojo wako utakufichia siri?"

"Wako je?"

"Mimi sijashika hata waya. Rupia elfu hamsini, chupa imejaa."

"Elfu hamsini? Kwani unakunywa dhahabu?"

"Hununui mkojo, mama. Unanunua kazi yako."

Mama Wasripah alilipa, roho ikimuuma. Wengine thelathini na tisa wakafuata. Sukendar akakaa uani kwake kwa siku mbili, anashusha birika la chai baada ya birika na kujaza chupa. Ua wenyewe ulikuwa wa kupendeza, umetandazwa kokoto nyeusi za masalia ya tanuri la kuyeyushia betri, alizopewa bure baada ya kumlaghai mlinzi wa kiwanda. Siku hizi kichwa kilikuwa kinamgonga na mikono inatetemeka. Aliisingizia chai.

Ijumaa Retno, muuguzi aliyekusanya chupa zile, alirudi na majibu, akaita watu wote uwanjani.

"Watu arobaini, namba ya risasi ni ile ile," alisema. "Ama mna kibofu kimoja, ama mmenichezea. Namba yenyewe inatisha. Mwenye mkojo huu analala juu ya risasi, na asipotibiwa ataharibika figo."

Sukendar akainama kutazama vumbi jeusi la ua wake kwenye viatu.

"Halafu nani kawaambia mtafukuzwa? Kurudishwa nyumbani ni kupumzika miezi mitatu, mshahara wote, na dawa. Haya, mkojo upya, nyuma ya pazia, na pazia nalilinda mimi."

Walipima upya, safari hii kwa mashine ya majibu ya hapo hapo. Mama Wasripah alikuwa wa kwanza kuandikiwa kurudishwa nyumbani, akashangilia mpaka kanga ikamdondoka. Mwisho wa foleni akasimama Sukendar, jasho linamtoka.

"Wewe mfanyakazi?" Retno aliuliza.

"Mfanyabiashara."

"Basi mshahara haukuhusu. Dawa utapata, ila lazima nione namba yako kwanza. Chupa hii hapa."

Sukendar akaingia nyuma ya pazia. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Baada ya chupa arobaini na hofu ile, hakutoka hata tone.

"Dada, haiji," alisema kwa sauti ndogo.

Mama Wasripah akasogeza mdomo karibu na pazia.

"Nikuuzie, mwanangu? Elfu hamsini, chupa imejaa."