Naomba Kurudishiwa Mume, Yuko Timu ya Taifa ya Vijana

Kwa Katibu,
Shirikisho la Mpira wa Miguu.

Ndugu Katibu,

YAH: FUNDI MAKOCHI MLIYEMGEUZA MTOTO

Poleni na kazi ya kusaka vipaji. Mimi ni msusi, nina kiti kimoja na kioo kimoja hapa barabarani, na sijawahi kugombana na ofisi yoyote. Mume wangu ni fundi makochi. Watoto wetu ni wawili, au walikuwa wawili mpaka nyinyi mlipoingilia kati. Naandika kwa adabu.

1. Siku ya majaribio ya timu ya vijana chini ya miaka kumi na saba, Baba Watoto alimsindikiza mwanetu mkubwa uwanjani. Alikwenda kumshikia chupa ya maji, basi. Mpira ukatoka nje ukamfuata alipokaa, naye akaurudisha kwa teke moja, ukapita juu ya vichwa vya watu wote ukaingia golini. Mchaguzi wenu akamkimbilia: "Dogo, una miaka mingapi?" Mume wangu huona haya mbele ya wakubwa. Akainama, akacheka, akachorachora chini kwa kidole cha mguu. Mchaguzi akasema haya ya namna hiyo ni ya miaka kumi na sita, akamwandika. Kipara chake akakiita mtindo. Mwanetu, mwenye miaka kumi na sita ya kweli, aliondolewa mchana uleule kwa sababu ana masharubu. Ndugu Katibu, masharubu ni ya ukoo wetu, hata shangazi yangu anayo.

2. Mkaniita kwenye mkutano wa wazazi. Nilikwenda nikidhani mnataka kuomba radhi. Nikakalishwa katikati ya akina mama, mmoja akanisifu kwamba nimejitunza. Kocha, kijana ambaye mume wangu ndiye aliyemtengenezea makochi alipooa, akaniambia, "Mama, mwanao ana kipaji, ila ni mwoga wa kuongea. Usimfokee sana nyumbani." Daktari wa timu akauliza nilimwachisha ziwa lini. Nikajibu ukweli, kwamba hilo amuulize mama mkwe. Wakatazamana. Sasa kambi nzima inajua kuwa nilimtelekezea bibi yake mtoto mchanga.

3. Baya zaidi, mwenyewe ameamini. Mlipompa ruhusa ya kuja nyumbani, nilimkuta kochi la mwalimu mkuu amelitazama tu, springi zimetoka nje kama utumbo, naye anasema kocha amekataza watoto kupewa kazi nzito. Mteja akibisha hodi anakimbilia chumbani, ananiachia mimi niseme mtoto amelala. Aligombania paja la kuku na kitinda mimba wetu, akashindwa, akanuna mpaka jioni. Na mwanetu mkubwa, baba yake alipomtuma maji, akajibu, "Nenda wewe, si tuko rika moja?" Nikaenda kuyachota mwenyewe, maana kwa mujibu wa shirikisho mtoto alikuwa sahihi.

4. Sasa tuje kwenye hesabu. Kwa umri mliompa, harusi yetu ilifungwa yeye akiwa hajazaliwa. Lakini picha iko ukutani: kuna bwana amesimama kando yangu, kipara ndiyo kwanza kinaanza, amenishika mkono utadhani nitakimbia. Kama si huyu, ni nani? Naomba mnijulishe jina la yule bwana na anakoishi, maana miaka yote hii sijampikia, na haki yake iko pale pale. Tena huyu wenu na mwanetu mkubwa sasa wamezaliwa mwaka mmoja. Uchungu wa kwanza naukumbuka, nilimng'ata mkunga. Wa pili ulinipitaje?

5. Mtangazaji wenu amemtaja mama mkwe redioni kuwa "bibi wa mshambuliaji." Mama mkwe amefika na mkoba wake. Amekaa juu ya kochi la mwalimu mkuu, na springi zake, anasema aliyemzaa mwenyewe hawezi kuwa mjukuu wake. Na kama kweli ni mtoto, basi hajafikia umri wa kuoa, ndoa hakuna, amekuja kumchukua. Ameanza kukunja nguo za mwanawe. Nikamwambia, mama, nguo hizo nimezifua mimi tangu tuoane. Akajibu, "Ahsante, mwanangu, kwa kunilelea."

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, naomba mumrudishe akiwa na umri uleule aliotoka nao hapa. Ikishindikana, ile miaka yake mliyomvua apewe mwanetu, amalizie kochi, kwani masharubu tayari anayo. Na hilo nalo likishindikana, nipunguzieni na mimi miaka kama hiyo nirudi kwetu nikaposwe upya. Safari hii nitachagua mtu asiyejua hata mpira una umbo gani.

Nisalimie makamu wako, mweka hazina, washika vibendera wote, na daktari yule mwambie mtoto huyu haumwi ila ameoa. Wanangu wanakusalimu. Mama mkwe hakusalimu.

Ni mimi ninayesubiri mume,
Mama Watoto
(wawili; kwenu nyinyi, watatu)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, redio ya hapa saluni imetangaza nusu fainali. Ndugu Katibu, amefunga! Dakika ya mwisho, kwa kichwa, na mpira haukuteleza kwenye kipara kile! Nimemwacha mteja na nusu ya msuko, nikatoka barabarani napiga kelele, "Mwanangu! Mwanangu huyo!" Mashahidi ni mtaa mzima. Mama mkwe naye ni shahidi, tulikuwa tumekumbatiana. Barua hii isomeni mkiwa mmefumba macho. Ila kabla ya fainali, tafadhali mkandeni goti la kulia kwa maji ya moto, linamsumbua kukiwa na baridi. Msiogope. Kwa umri wake, ni maumivu ya kukua tu.