Nikikohoa, Semeni "Tunaunga Mkono!"

Jumatatu, 3 Juni

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa zahanati. Mageuzi ya huduma za afya! Kliniki ya presha wanataka kuihamishia hospitali kuu, mabasi mawili kutoka hapa. Alhamisi wananchi tutoe maoni. Mama mkwe kalisoma mara mbili. Ana presha na miguu imemvimba, hata kufika zahanati hupumzika mara tatu njiani. Mke wangu kauliza nitasema nini mkutanoni. Nikamwambia aniachie mimi. Kaguna. Sikuupenda ule mguno.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa! Mkutanoni hashindi mwenye hoja, hushinda mwenye watu. Nimekusanya majirani kumi na mmoja kwenye kibanda changu cha kushonea viatu. Nimewafundisha: nikikohoa, wote wapaze sauti, "Tunaunga mkono!" Kinyozi akauliza wanaunga mkono nini. Nikamjibu hayo si kazi yake. Mwalimu mstaafu, mjuaji wa mtaa, akashauri kila mtu aandae maneno yake mwenyewe. Wivu tu! Tumefanya mazoezi mara sita. Sauti safi kabisa.

Jumatano, 5 Juni

Mafua. Koo linawasha. Mke wangu anasema nibadilishe ishara. Mambo ya wanawake hayo! Nani atazunguka tena nyumba kumi na moja?

Alhamisi, 6 Juni

Ole wangu! Ofisa wa afya alisoma, "Inapendekezwa kliniki ihamishwe..." Nikakohoa. "Tunaunga mkono!" Nikajaribu kueleza, kikohozi kikanipanda. "Tunaunga mkono! Tunaunga mkono!" Ofisa karibu alie kwa furaha, akasema hajapata kuona wananchi waelewa kama sisi. Karani akaandika. Nikapunga mikono kuwazuia. Kinyozi akadhani nataka sauti zaidi.

Ndipo mama mkwe akainuka, kashikilia kiti. Akasema taratibu kwamba yeye haungi mkono. Akaeleza ngazi za basi, na wenzake wawili wa mtaa wa pili, ambako kliniki ilishahamishwa, walioacha dawa kwa kushindwa safari. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama wa watu, na mimi ndiye niliyekuwa namuuza! Kinyozi akavua kofia, akasema kumbe ndiyo hayo, basi hata yeye haungi mkono. Mwalimu naye akatoa sababu zake, fupi kuliko nilivyohofia. Ofisa akaweka karatasi chini, akaanza kuuliza maswali, na kusikiliza majibu. Karani akafuta. Mwishowe ofisa akatamka: kliniki inabaki, walau mwaka huu.

Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe kaniletea maji ya moto na asali. Kasema, mwanangu, pumzisha hilo koo. Nimeguswa, nusura nilie.

Basi nimelipumzisha, nimeshika kalamu. Barua kwa ofisa wa afya: naomba kazi ya kuwafundisha wananchi majadiliano. Uzoefu: nimewahi kuandaa mkutano ambao wote walikubaliana kwa sauti moja. Mara tatu.